Jina la Kati la Mtoto wa Kike: Deni, Hifadhi au Amana?

Utangulizi

Suala la majina ya wahusika si geni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Kila mwanafunzi wa fasihi anafahamu kwamba Shaaban Robert hakumwita mhusika mmoja Karama, mwingine Adili na mwingine Utubora kwa bahati nasibu. Majina hayo ni muhtasari wa hulka, na pengine ni hukumu inayotangulia kesi. Ama kuhusu jina la mtu aliye hai, wahakiki wamekuwa wepesi wa kuwaachia wanaanthropolojia na makarani wa usajili. Mgawanyo huu wa kazi una hasara yake. Kumpa mtoto jina ni tendo la utunzi: ni kuteua neno moja na kuyaacha mengine, ni kuliweka neno hilo jirani na mengine, na ni kutarajia kwamba hadhira isiyojulikana italisoma kwa namna fulani. Anayejua kuhakiki majina ya vitabuni ana la kusema juu ya majina ya vyetini.

Makala haya yanachunguza sehemu moja tu ya tendo hilo, nayo ni uteuzi wa jina la kati la mtoto wa kike katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Swali linaloulizwa ni la kimaadili: je, mzazi anapoliteua jina hilo, anatenda kwa haki gani, na haki hiyo inamtwika wajibu gani? Yatajadiliwa majibu matatu ambayo husikika kila siku katika mitaa hiyo, yaani jina kama deni, jina kama hifadhi na jina kama pambo. Kisha itatolewa hoja kwamba kila moja lina upungufu, kwa kuwa yote matatu yanamsahau yule atakayeitwa.

Nafasi Iliyo Wazi

Katika sehemu kubwa ya Kenya, jina kamili la mtu limezoeleka kuwa na sehemu tatu. Ya kwanza aghalabu ni ya dini au ya mtindo wa wakati. Ya mwisho ni ya baba. Iliyo katikati ni ya jadi, na ndiyo inayobeba lugha, ukoo, msimu au saa ya kuzaliwa. Mluo aliyezaliwa usiku ni Atieno, na aliyezaliwa jua likiwaka ni Achieng'. Kwa Wabukusu, Nekesa huhusishwa na mavuno na Nanjala na njaa. Kwa Wakikuyu, Wanjiru na Wambui ni majina yanayorejea hadi kwa mabinti wa Mumbi, mama wa kabila katika visaasili vyao.

Utaratibu huu si wa wote. Wasomali wa Eastleigh hufuatisha jina la mtoto kwa la baba na la babu, na Waislamu wengi wa Pumwani hufanya vivyo hivyo. Kwao nafasi ya kati imekwisha kujazwa kabla mtoto hajazaliwa. Kwa jirani zao wa Umoja, Kariobangi au Buruburu, nafasi hiyo iko wazi, na uwazi huo ndio unaozaa mgogoro. Jina la kwanza huweza kuchaguliwa kwa furaha, na la mwisho kwa kawaida halichaguliwi. La kati linachaguliwa, lakini linachaguliwa mbele ya mashahidi, nao ni wazee wa pande mbili, majirani na hata marehemu.

Ichukuliwe familia ya kubuni inayoishi Umoja. Baba ni Mluo, jina lake Odhiambo. Mama ni Mkikuyu. Mtoto wao wa kwanza ni wa kike, na wameafikiana kumwita Neema. Mama yake Odhiambo anaitwa Achieng', na mama wa mke anaitwa Wanjiru. Wazazi hawa wana njia tatu: Neema Achieng' Odhiambo, Neema Wanjiru Odhiambo, au jina la Kiswahili lisilo la upande wowote, kwa mfano Neema Amani Odhiambo. Katika njia hizi tatu mna falsafa tatu za jina.

Jina kama Deni

Falsafa ya kwanza inashikilia kwamba jina ni deni. Kwa mila za Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba, wa pili kwa jina la nyanya mzaa mama, kisha zamu huwaendea mashangazi na mama wadogo. Jina halibuniwi, linarejeshwa. Ndiyo maana baba wa Kikuyu humwita binti yake mdogo "maitu", yaani mama. Huo si utani. Baba anatambua kwamba mtoto ameshika kiti ambacho hakikuachwa kitupu. Kwa Waluo nako husimuliwa kuhusu jamaa aliyefariki anayejitokeza ndotoni akitaka jina lake liitwe, na kuhusu kichanga kinacholia hadi jina linalofaa litamkwe.

Katika mfano wa Umoja, mila hizi zinazalisha tokeo ambalo wazazi wenyewe huenda hawakulitarajia. Mama akisema, "Mtoto afuate desturi ya kwetu," desturi ya kwao inamwelekeza kwa nyanya mzaa baba, yaani kwa Achieng', Mluo. Wanjiru anatakiwa kusubiri binti wa pili. Utaratibu huo ulikuwa wa haki ulipoanzishwa, kwa sababu ulijengwa kwa ajili ya nyumba yenye watoto wengi, ambamo kila nyanya na kila shangazi alifikiwa na zamu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani wa uzazi nchini Kenya ulikuwa takribani watoto 8 kwa kila mwanamke. Kufikia mwaka 2022 ulikuwa umeshuka hadi 3.4, na katika Nairobi uko chini zaidi. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wawili, foleni hukatika kabla haijamfikia aliye nyuma, na aliye nyuma siku zote ni wa upande wa mama. Kanuni haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya viti. Hata hivyo, kanuni iliyokuwa ya zamu imegeuka kimyakimya kuwa kanuni ya kuwaacha watu fulani nje.

Falsafa ya deni ina kasoro nyingine iliyo nzito zaidi. Anayelipa deni hulipa kwa mali yake. Mzazi anayemridhisha mama yake kwa jina la mtoto analipa kwa mali ya nani? Jina litabebwa na Neema shuleni, kazini na mbele ya askari. Mzazi ndiye anayepata shukrani, ilhali mtoto ndiye anayepata uzito. Mtetezi wa mila atajibu kwamba mtoto naye anafaidi, kwa kuwa anapata ukoo, mahali pa kuzikwa na watu wa kumlilia. Jibu hili lina nguvu na haliwezi kupuuzwa. Lakini linathibitisha tu kwamba deni huweza kuwa na manufaa kwa mtoto. Halithibitishi kwamba mtoto ndiye anayedaiwa.

Jina kama Hifadhi

Falsafa ya pili ilizaliwa na hofu, na hofu hiyo ina tarehe. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, vizuizi viliwekwa barabarani katika sehemu mbalimbali za nchi, na watu wakatakiwa kuonyesha vitambulisho ili kabila lao lisomwe katika majina. Mathare, Huruma na Dandora zilikumbwa na ghasia, na majirani walioazimana chumvi kwa miaka wakahamishana. Kwa mzazi aliyeyashuhudia hayo, jina la kati si urithi tena. Ni ushahidi unaoweza kutumiwa dhidi ya mwanawe. Hapo ndipo Amani, Imani, Zawadi na Tumaini yanapokimbiliwa. Kiswahili kinageuzwa kuwa nyumba ya wageni isiyomwuliza mtu atokako.

Hofu hii si ya kubezwa, wala si aibu kwa mzazi kumkinga mtoto. Hata hivyo hoja mbili zinafaa kuzingatiwa. Kwanza, hifadhi yenyewe ni nusu. Neema Amani Odhiambo bado ni Odhiambo, na anayetaka kulisoma kabila atalisoma palepale mwishoni. Kilichofichwa na Amani ni upande wa mama peke yake. Kwa hiyo jina linalodaiwa kutokuwa na upande linachukua upande: linamwacha baba alipo na kumfuta mama. Mzazi anayeliteua kwa kuamini kwamba amewatendea wote sawa hana budi kuipima upya hesabu yake.

Pili, Kiswahili si nyumba tupu. Katika desturi za Waswahili wenyewe, jina la pili halijawahi kuwa la hewani. Mtunzi wa utenzi maarufu wa mwaka 1858 alijulikana kuwa ni Mwana Kupona binti Msham, na utenzi huo aliuelekeza kwa binti yake, Mwana Hashima. Neno "binti" linamfunga mwenye jina kwa mtu mahsusi. Anayekikimbilia Kiswahili ili asiwe mtoto wa mtu yeyote anakikimbilia kwa jambo ambalo utamaduni wake haukulikusudia.

Utungo wa Ken Walibora, Siku Njema (1996), unalionyesha hilo kwa upande wa mateso. Mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, anavuka mpaka kutoka Tanga na kuingia Kenya akimtafuta baba yake. Msomaji wa kawaida huliona jina "Mswahili" kuwa ni la taifa zima, jina pana lisilo la ukoo. Katika riwaya, jina hilohilo linabebwa na kijana anayetoka nyumbani na kuingia njiani kumtafuta baba. Jina pana kuliko yote linageuka kuwa dogo kuliko yote: mtu mmoja, asiyeonekana, anayetafutwa.

Suala la baba asiyeonekana linagusa nyumba nyingi za Eastlands zinazoongozwa na mama peke yake. Chini ya kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, baba ambaye hakumwoa mama hakuweza kuandikwa katika sajili ila kwa ombi la pamoja la wazazi wote wawili au kwa ushahidi wa ndoa. Mahali pa jina lake palijazwa alama za X. Mwezi Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na mama mmoja aliyetajwa kwa herufi za L.N.W., alitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa, na inawatwika wazazi wote wawili wajibu wa malezi, wawe wameoana au la. Uamuzi huo ulirekebisha cheti. Haukuweza kurekebisha masimulizi. Mama bado anapaswa kuamua kama jina la mtu aliyeondoka liwe sehemu ya mwanawe, au kama la kati na la mwisho yote yatoke kwa wazee wake yeye, walio tayari kuitika.

Jina kama Pambo

Falsafa ya tatu huonekana nyepesi kuliko zote. Inasema kwamba jina la kati liteuliwe kwa jinsi linavyolandana na la kwanza. Mwanafunzi wa ushairi hana sababu ya kuicheka, kwani mizani ni elimu. Neema Wanjiru ni mizani sita, tatu kwa tatu, na kila silabi imeishia kwa irabu kama Kiswahili kipendavyo. Neema Achieng' linakwenda kwa mwendo mwingine: linaanza kwa irabu inayogusana na irabu ya mwisho ya Neema, na linafungwa kwa konsonanti, kama mlango. Hakuna lililo bora. Kila moja lina mwendo wake.

Sauti ina uzito wa kimaadili kwa sababu jina lisiloitwa hufa. Mitaa yenyewe inashuhudia. Baada ya diwani Ambrose Ofafa kuuawa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, mitaa kadhaa ilipewa jina lake: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na mingineyo. Leo wakazi husema Jericho na Maringo tu. Aliyekusudiwa kukumbukwa ameanguka kutoka kinywani, na limebaki lile lililokuwa jina la pili. Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, ana mtaa unaoitwa Mbotela peke yake, bila neno jingine la kushindana nalo, na jina lake bado linatamkwa na makondakta wa matatu kila asubuhi. Kwa hiyo anayetaka nyanya akumbukwe hana budi kujiuliza kama jina hilo litatamkika mahali lilipowekwa, au litabaki kuwa herufi moja na nukta katika orodha ya darasa.

Vijana wa Eastlands nao wana njia yao. Sheng, ambayo mitaa hii ni miongoni mwa vitovu vyake, humkata Wanjiku akawa Shiku na Wanjiru akawa Shiro. Wazee hulalamika, lakini jina lililokatwa ni jina linalotumika. Kasoro ya falsafa ya pambo iko kwingine: uzuri unaeleza ni jina gani litakaloishi, ila hauelezi ni kwa nini liishi.

Mtunzi na Mzazi

Hadi hapa mzazi amefananishwa na mtunzi. Ni wakati wa kuonyesha wanapoachana. Mtunzi humpa mhusika jina akiujua mwisho wa hadithi. Anaweza kulifanya jina litimie, au likejeli. Mzazi anatoa jina katika ukurasa wa kwanza wa kitabu asichokiandika yeye, na yamkini asichokimaliza.

Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ni mfano ulio wazi. Jina la binti huyu lina sehemu mbili, na kwa pamoja ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki: waridi la fumbo. Ndani ya riwaya ni jina la matumaini na heshima. Mkononi mwa mwandishi ni kejeli kali, kwa kuwa binti aliyepewa jina la usafi uliotukuka analelewa kwa ukali usiomfunza lolote, anapotea, na anajiua. Zakaria, baba yake, ni mwepesi wa kumpiga kwa ajili ya barua ya mvulana, lakini hatumii mamlaka hayo kumweleza chochote kuhusu dunia anayoingia. Jina lilitolewa, kilichopaswa kuandamana nalo hakikutolewa. Msiba wa Rosa unaweza kusomwa kuwa msiba wa jina lililoachwa lifanye kazi ya mzazi.

Kinyume chake ni maisha ya mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja, ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Alipozaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 aliitwa Mtumwa. Baadaye akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo sauti yake ikafika mbali. Methali inasema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Huyu aliuacha Utumwa wenyewe, lakini hakuiacha asili, kwani "binti Saad" lilibaki mahali pake. Jina la mbele lilibadilika kadiri mwenyewe alivyokua. Lililofuata lilimshika asipeperuke.

Wangari Maathai ni shahidi wa tatu. Alizaliwa Wangari, binti Muta. Shuleni alichukua majina ya Kikristo, na aliporudi kutoka Marekani mwaka 1966 aliyaweka kando akawa tena Wangari Muta. Baada ya talaka, mumewe alipomtaka aache kulitumia jina lake la Mathai, aliongeza irabu moja, likawa Maathai, lake mwenyewe. Majina ya dini yalikuja yakaenda, na la ndoa likagombaniwa. Yale mawili aliyopewa nyumbani, la kwake na la baba yake, alikuwa na pa kuyarudia kwa sababu yalikuwa yameachwa mahali panapojulikana.

Hitimisho

Mifano hii inaelekeza kwenye jibu la nne. Jina la kati si deni la mtoto, si ngao, wala si pambo. Ni amana. Aliyepewa amana huishika, lakini sharti zito liko kwa aliyeiweka: aeleze ni kitu gani ameweka, na kwa niaba ya nani. Mzazi anayemwita binti Wanjiru au Achieng' hajamaliza kulipa chochote. Ndiyo kwanza amejitwika wajibu wa kumsimulia mtoto huyo habari za Wanjiru au Achieng'. Anayemwita Amani naye anadaiwa masimulizi, pamoja na sababu iliyomfanya anyamaze kuhusu pande zote mbili.

Kiswahili kina neno linalofaa hapa. Somo ni mtu mwenye jina moja na mwingine. Somo pia, katika mila za pwani, ni mwanamke anayemfunda msichana anapovunja ungo. Na somo ni kile kinachofundishwa. Pasipo kudai kwamba maana hizi zina chimbuko moja, inatosha kuona kwamba lugha imeziacha zikae katika nyumba moja: mwenye jina lako anapaswa kuwa na la kukufunza.

Kwa kipimo hiki, wazazi wa Umoja hawatapewa jina na makala ya kitaaluma, wala hawalihitaji. Wanapewa swali la kuanzia. Kabla ya kuuliza ni jina gani linalofaa baada ya Neema, waulize ni nyanya yupi aliye na mtu nyumbani humo wa kumsimulia, na ni yupi ambaye zamu haitamfikia kamwe asiposemewa sasa. Ikiwa Wanjiru yuko hai na mama anazijua habari zake, ilhali binti wa pili hatarajiwi, basi kuivunja foleni kunaweza kuwa ndiyo haki. Ikiwa aliyefariki ni Achieng' na baba yuko tayari kukaa na mtoto akamsimulia, haki iko huko. Siku moja, akiwa na umri wa miaka sita au saba, mtoto atatoka shuleni na kuuliza jina lake la kati lilikuwa la nani. Thamani ya uteuzi wao itaamuliwa na kama kuna atakayejibu.